Samaki Waliowaka Lumbwe

Lumbwe, Uluguru
12 Machi 1995

Mpwa wangu Mwanahawa,

Mimi mjomba wako Salehe ni mzima, ukiacha goti la kulia ambalo mvua ikianza kunyesha nalo linaanza kulalamika. Mkaza mjomba wako anakusalimu sana, na anauliza kama huko Norwe umepata mtu wa kukusuka au unatembea na kichwa kama kichaka. Maharage yameota vizuri. Idi tuliila kwa amani, ila pilau ilikuwa na mawe kwa kuwa mwenye macho ya kuchagulia mchele yuko Ulaya. Mama yako yupo.

Sasa nina swali, na usinicheke. Tangu biashara iachiwe huru, siku hizi kila mtu anauza kila kitu. Unakumbuka samaki wa baharini tuliyemzoea huku juu ni ng'onda, mkavu kama gome la mti, chumvi yake inakausha ulimi. Sasa malori ya watu binafsi yanashusha samaki wabichi wa barafu pale Morogoro mjini, na wachuuzi wanawapandisha mlimani vichwani. Kuna mchuuzi mmoja huwatia chumvi kidogo tu, maana watu wamechoshwa na ukali wa ng'onda, kisha huwaweka ndani ya mtungi mkavu uliokalishwa pale chemchemi, kwenye maji ya baridi, mpaka wauzike.

Baada ya Idi, jirani yetu Yuliana, mke wa Alois, alinunua vibua kwa mchuuzi huyo akawaweka ghalani. Unalijua ghala lile, halina dirisha. Mchana akaingia kuwachukua, akavuta mlango nyuma yake ili kuku wasimfuate. Mwanahawa, samaki walikuwa wanawaka. Sisemi kung'aa kwa magamba. Ni kuwaka, mwanga wa buluu, bila moto, bila moshi, bila joto. Alipowashika, mwanga ukamganda vidoleni. Yowe alilopiga lilifika mpaka bondeni.

Waliniita mimi kama mkubwa wa ukoo. Niliingia nikacheka kwanza, nikidhani ni mambo ya wanawake. Wakafunga mlango. Nilitoka mle ndani nikaenda kukaa juu ya kinu cha Yuliana, na hata bismillahi niliisahau.

Watu wanasema mengi, mimi siyaandiki. Wewe umepelekwa kusoma viumbe vidogo. Je, wasomi wenu wanalijua jambo hili?

Mjomba wako,
Salehe


Bergen, Norwe
9 Aprili 1995

Mjomba Salehe, shikamoo,

Na mkaza mjomba naye shikamoo. Mwambie najisuka mwenyewe mbele ya kioo. Mistari imepinda, lakini ni mistari. Huku mvua inanyesha kuliko masika ya kwetu, na hakuna anayeishukuru kwa sababu hakuna anayelima.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikapiga kelele mpaka mwenzangu wa chumbani akatoa kichwa nje ya blanketi. Samaki waliowaka, tena Lumbwe! Mjomba, unajua ninachosoma huku ni nini? Niliwaaga nikisema nakwenda kusoma vijidudu, mkadhani nitarudi na dawa ya mbu. Basi ni hivyo hivyo vilivyomfukuza Yuliana ghalani!

Sikiliza. Juu ya ngozi ya samaki wa baharini huishi vijidudu vidogo mno, havionekani kwa macho. Tunaviita bakteria. Kikiwa peke yake, kijidudu hakitoi mwanga, maana mwanga unakula nguvu nyingi na mwanga wa kimoja haumfai mtu. Lakini kila kimoja hutoa kemikali kidogo, tuseme kama harufu. Vikiwa vichache, harufu hiyo inapotelea majini. Vikizaana, inajaa, inavirudia vyenyewe na kuviingia, na huko ndani inafungua maelekezo yaliyokuwa yamefungwa. Maelekezo hayo tunayaita jeni. Kila kimoja kilizaliwa nayo, ila kilikuwa hakiyatumii. Sasa vyote vinaanza kuyatumia kwa wakati mmoja, na vyote vinawaka. Yaani vinahesabiana, Mjomba! Vinanyamaza kimya mpaka vijue vimetosha. Nilipoelezwa hili mara ya kwanza sikupata usingizi.

Mimi hapa nimevifuga kwenye chupa. Navilisha kila asubuhi. Nikivipunguza vinazima, vikiongezeka vinawaka tena. Hata kuvidanganya naweza: nachukua maji vilimoishi vingi, nayachuja, navimwagia vichache, navyo vinawaka kabla ya wakati wao. Profesa anasema nina mkono navyo.

Baridi ya kwetu na chumvi kidogo ndiyo starehe yao. Kule Dar na joto lile samaki wangeoza kabla ya kuwaka. Huyo mchuuzi hana kosa lolote, na samaki wakipikwa vizuri vijidudu hivyo vinakufa. Yuliana mwambie namtania: afunge mlango wa ghala na atoze kiingilio.

Kuhusu Mama, hujaniandikia neno lake hata moja. "Yupo" ni habari ya kiti, Mjomba. Yeye hajui kuandika, wewe ndiye mkono wake. Kaa naye akwambie cha kuniambia, kama zamani.

Mpwa wako,
Mwanahawa


Lumbwe
28 Mei 1995

Mwanahawa,

Pokea salamu za nyumbani. Mvua zimepungua, maharage yanakaribia. Mzee Pazi wa ng'ambo ya kijito ametutoka, kwa kifua kile kile kilichomsumbua tangu wewe hujazaliwa. Tumemzika vizuri.

Barua yako iliingia siku ya kikao cha ukoo. Wewe ni mtoto wa huku, unajua barua ya ng'ambo hatuisomi chumbani. Ni sawa na mtu kujifungia kula nyama. Nilimpa Yakobo, mmoja wa wanakikao, aisome kwa sauti uani, kama zote zilizotangulia. Sikuwa nimeitazama kwanza.

Mwanzoni ilikuwa raha. Walicheka ulipotaja nywele. Halafu Yakobo akafika pale uliposema umevifuga. Akasoma kwamba unavilisha kila asubuhi. Akasoma kwamba unavizima na kuviwasha, na kwamba vinanyamaza kimya mpaka vitimie. Sauti yake ilikuwa inapungua, lakini alisoma yote, hata lile la kiingilio. Hapakuwa na wa kucheka. Alois akainuka akasema, "Basi, jamani, mnataka ushahidi gani tena? Mtoto anafuga, mama anasambaza. Kaandika mwenyewe kwa mkono wake."

Mwanangu, mchuuzi yule ni mama yako.

Tangu Desemba Mwaisha akishuka mjini na kabichi zake harudi na tenga tupu, anapandisha vibua. Sikukuandikia kwa sababu niliona maneno ya watu yatapoa. Nilitaka unipe jibu la kitaalamu nikalitumie, basi. Lakini Pazi naye alikula samaki wale, na alipokufa maneno yakashika moto.

Kikao kimeamua apelekwe kwa mganga upande wa Kisaki, anyolewe nywele aondolewe uchawi. Alois kama mshtaki atanyolewa naye, ndiyo desturi. Ila wewe unajua inavyokuwa. Nywele za mshtaki zinaota na mambo yanakwisha. Za mshtakiwa zinaota na jina. Mwanamke aliyenyolewa hakabidhiwi ardhi ya ukoo, kwa hiyo lile shamba la chemchemi atapewa mwingine. Na hakuna atakayepokea hata chumvi mkononi mwake.

Mwenyekiti wa kikao nilikuwa mimi. Tarehe niliitaja mimi, kumi na tano Julai, maharage yakishavunwa. Wangeitaja wao ingekuwa kesho yake.

Mama yako hasemi kitu. Kama kuna uwezekano, acha kuvifuga hivyo vidudu.

Salehe


Bergen
17 Juni 1995

Mjomba,

Shikamoo. Nimeiandika kwa sababu mkono umezoea.

Niliisoma barua yako maabara, nikakaa chini sakafuni na koti langu jeupe, na Wazungu wakaniletea maji wakidhani nimefiwa. Ningewaambia nini? Kwamba nimeandika utani kutoka Norwe na utani huo unampeleka mama yangu Kisaki? Nilikuwa nawachekesha watu, kumbe nilikuwa nashuhudia dhidi yake.

Na wewe! "Mchuuzi mmoja." Umeandika "mchuuzi mmoja" ukimaanisha dada yako, tumbo moja! Ungeniandikia jina lake ningepima kila neno. Halafu unajisifu kwa kuchagua tarehe. Nakuheshimu, Mjomba, wewe ndiye uliyeuza ng'ombe ili nisome, lakini leo moyo wangu unakukataa.

Sasa fanya hivi. Barua hii usimpe Yakobo. Jifungie uile nyama yako peke yako, kwa mara hii moja. Shuka Morogoro sokoni, nunua vibua kwa mtu ambaye hajawahi kukanyaga Lumbwe. Mama asiwaguse wala asijue. Watie chumvi kidogo kama anavyotia yeye, waweke ndani ya mtungi chemchemini, maji yasiingie ndani, halafu ghalani kwako. Wengine wachache watie chumvi nyingi kama ya ng'onda. Subiri. Wa chumvi kidogo watawaka, wale wengine watabaki giza.

Wakishawaka, chukua maji matupu ya chemchemi uwamwagie kwa wingi. Mwanga utazimika mbele ya macho yako, bila dua na bila mganga. Vijidudu hivi ni vya bahari. Maji yasiyo na chumvi yanavipasua.

Kuna mwanafunzi mwenzangu anarudi Mazimbu, pale Morogoro, wiki hii, ataipandisha barua hii mwenyewe mpaka mlangoni kwako. Hutaniambia ilichelewa.

Mwanahawa


Lumbwe
30 Julai 1995

Mwanangu Mwanahawa,

Hapa kwetu hatujambo. Maharage yamejaa magunia, goti limetulia kwa kiangazi. Mama yako hakwenda Kisaki. Nalitanguliza hilo upate pumzi ya kusoma mengine.

Nilishuka sokoni kama ulivyosema. Mimi mzee mzima nimebeba vibua kwenye kikapu cha mke wangu, nimewafunika majani ya mgomba, kila ninayekutana naye njiani namwambia ni dawa ya goti. Nikafanya yote. Siku ya pili, mchana, nikaingia ghalani nikavuta mlango.

Nilijua kitakachotokea, ulikuwa umeniandikia, na bado nilipiga yowe. Walikuwa wanawaka, mwanangu! Kwangu! Samaki niliowanunua kwa kijana wa Kizaramo ambaye hata jina langu halijui. Wale wa chumvi nyingi walilala giza pembeni. Nikavitazama vidole vyangu vinavyowaka, nikaona kwamba hivi ndivyo mama yako alivyokuwa, hana kosa, na ni mimi niliyekaa kwenye kiti nikataja tarehe.

Nikuambie na hili. Nilishika ndoo ya maji, nikawaza: nikiwamwagia, tukawapika na kuwala, nani atajua? Nikiwaonyesha watu nitakuwa mchawi wa pili. Nilisimama na ile ndoo mpaka mkono ukafa ganzi. Halafu nikaiweka chini nikamtuma mke wangu akawaite.

Walikuja wote wa kikao, na mama yako nikamwita naye, akasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kudai chungu chake. Niliwaingiza nikafunga. Alois aliruka nyuma akagonga kichwa kwenye boriti. "Kumbe na wewe, Salehe! Kumbe ni ukoo mzima!" Nikamwambia, "Na mimi. Nimewanunua mwenyewe sokoni, Mwaisha hajawagusa. Kama ni kunyolewa, Kisaki tunakwenda wawili." Nikawamwagia maji ya chemchemi. Ule mwanga ukafifia, ukafifia, ukazimika, tukabaki gizani tunasikiana pumzi.

Tulipotoka uani hakuna aliyemtazama mwenzake. Nilijua wananipima. Ndipo Yakobo, yule yule aliyeisoma barua yako, akasema kwa sauti ndogo, "Hata kwangu waliwaka. Niliwapa paka." Nikageuka nimtazame, na kabla sijasema kitu mke wangu, mkaza mjomba wako niliyelala naye nyumba moja, akasema, "Na sisi. Wiki ile ile ya Yuliana. Niliwafukia nyuma ya choo." Mwanahawa, nilihisi kama nimepigwa kofi. Halafu akasema huyu, akasema yule. Walipofika wanne watano, wengine wakawa wanasema kwa pamoja, wanakatizana, kila mtu anataka wa kwake waonekane waliwaka zaidi. Hata Alois akakiri kwamba waliwaka kwake mara ya pili na hakumwambia mtu.

Mwisho akasema mjane wa Pazi. Alisema marehemu naye aliwaona. Aliwashika, akacheka kama mtoto, akaomba ale hao hao kwanza. Alikula, akalala salama, na kifua kikamchukua siku nyingi baadaye. Mjane alilijua hilo wakati wote tuliposema mume wake ameuawa na samaki wa Mwaisha.

Nilimgeukia mama yako kumpa mkono, nikidhani atalia, au atatutukana, maana alikuwa na haki. Yeye aliuliza neno moja tu, "Lini?"

Akatutazama mmoja mmoja.

"Nauliza mliwaona lini. Kabla ya kikao au baada ya kikao?"

"Kabla," Yakobo akasema.

Mama yako akaitikia kwa kichwa, akafunga kanga yake vizuri, akaenda zake. Shamba la chemchemi ni lake, hakuna atakayeligusa. Alois alimpelekea jogoo wa kuombea radhi, akampokea, akamshukuru. Biashara anaendelea nayo. Lakini akipanda na tenga lake hasimami hata mlango mmoja hapa Lumbwe. Anapita katikati yetu, anasalimia kila mtu kwa adabu, anakwenda kuuza kijiji cha juu. Watoto wanalilia vibua.

Mimi nilikwenda kumsaidia kutua tenga juzi. Akaniambia, "Ahsante, Mzee Salehe." Mwanahawa, mimi ni kaka yake. Tangu alipojua kusema ameniita kaka. Ameniita Mzee Salehe kama mtu aliyenikuta kituo cha basi.

Wewe anakusikiliza. Mwandikie. Mwambie yamekwisha, mwambie aniite kaka. Nitamsomea mwenyewe kila neno.

Mjomba wako,
Salehe


Bergen
24 Agosti 1995

Mjomba, shikamoo,

Safari hii nimeiandika kwa moyo. Huku majani yameanza kugeuka rangi na mimi ni mzima. Barua yako nimeisoma mara nyingi, na kila nikifika pale penye mkaza mjomba na choo nashtuka upya. Nyumba ngapi zile, na kila moja imejifungia na mwanga wake!

Ulitangulia kusema, hilo sitakunyima. Lakini kumwandikia mama sitamwandikia. Hajui kusoma. Barua ingepita mikononi mwako, ungemkalisha chini ukamsomea, na yeye angekusikia wewe ukijiombea kwa sauti yangu. Ameshasomewa barua yangu moja mbele ya watu. Inatosha.

Vijidudu vyangu vinangoja mpaka vitimie ndipo viwake, na sivilaumu, havina dada. Wewe unaye. Nenda kwake leo, kabla hujamwambia mkaza mjomba, kabla Yakobo hajajua kwamba kuna barua. Nenda peke yako.

Mwanahawa